Hofu Iliyobaki Baada ya Kitambulisho

Wiki iliyopita dada mmoja wa Lamu aliniandikia kwamba mumewe, aliyekamatwa kwa kukosa hati na kuachiliwa baada ya siku mbili, halali tena usiku, na kila likisimama gari nje hujificha uvunguni mwa kitanda. Aliniuliza kama huo ni wazimu. Nilimjibu kwamba sivyo, maana ugonjwa huo nimeuugua.

Mimi ni Mpemba wa hapa Malindi, Kenya. Babu yangu alikuja na mashua, nasi tukazaliwa huku, lakini hadi Julai 2023, Serikali ilipotutambua kuwa raia, nilikuwa mvuvi asiye na kitambulisho. Nilikamatwa mara tatu. Mara ya pili nililala kituoni na nguo zilizolowa maji ya bahari, wala sikuruhusiwa kumpigia simu mke wangu, ambaye alikesha ufukweni akidhani nimezama. Hilo linaniuma hadi leo kuliko makofi niliyopigwa. Kadi nilipoipata nilifurahi mno, lakini mwili haukusadiki: nikikaribia kizuizi cha polisi mikono ilitetemeka, nikashuka kwenye matatu na kwenda kwa miguu. Nilificha jambo hilo miezi minane, mpaka mke wangu aliponishika mkono akanipeleka hospitali, na muuguzi aliyenisikiliza bila kuniharakisha namwombea dua kila Ijumaa.

Kwa hiyo, dada yangu, mpeleke mumeo akatibiwe, wala usimwambie avumilie, kwani kuvumilia ndiko kulikoniponza. Nanyi wenye jamaa wasio na hati, kishikeni kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010, ambacho humlinda kila aliyekamatwa, si raia peke yake: aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, awasiliane na wakili na watu anaohitaji msaada wao, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata ikiwa muda huo umeishia nje ya saa za mahakama au siku ya mapumziko. Sheria ya 2014 kuhusu watu walionyimwa uhuru humpa pia haki ya matibabu akiwa kizuizini. Anayetumia dawa za akili, andikeni jina na kipimo chake, mpeleke karatasi hiyo kituoni asubuhi ileile, na mwombe iingizwe katika kitabu cha matukio. Nawasihi maafisa nao: simu moja mnayomnyima mtu humnyima usingizi kwa miaka.

Mumeo akikubali, dada, niambie. Nitapanda basi hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, nipite vizuizi vyote vya njiani, nije kukaa naye.