Upepo wa Agosti Ziwa Nyasa: usome utabiri kwa saa na kwa mahali ulipo

Kipupwe kinapoelekea ukingoni, Mbeya mjini upepo unajulikana kwa vumbi, Makete kwa baridi inayopenya koti, na Kyela kwa kishindo cha mawimbi usiku. Wote hao wanasomewa sentensi moja ya utabiri, ile ya Nyanda za Juu Kusini Magharibi. Sentensi hiyo inawahusu watu walio mita 475 juu ya usawa wa bahari pale Matema, na walio zaidi ya mita 2,600 pale Kitulo. Anayeisikia akaishia hapo amepata nusu ya habari. Nusu ya pili ataipata akiuliza maswali mawili: saa ngapi, na wapi hasa?

Tuanze na maneno yenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa kwa ngazi: angalizo (njano), tahadhari (rangi ya machungwa) na tahadhari kubwa (nyekundu). Chini yake kuna mistari miwili ambayo wengi huiruka: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Isome yote miwili. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa si ruhusa ya kwenda majini. Mara nyingi angalizo la upepo huandikwa hivi: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Fahamu kwamba nguvu ya upepo haiongezeki kwa kufuatana na kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 40 unausukuma ubavu wa mtumbwi mara nne ya ule wa kilomita 20, na dharuba zinazopita katikati yake huzidi hapo. Kimo cha mawimbi nacho, katika utabiri wa majini, kwa kawaida ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, yale yaliyo makubwa zaidi. Kwa hiyo penye mita 2, moja moja litakuja likikaribia mita 4.

Jambo lingine la kuangalia ni mpaka wa kanda. Kyela na mwambao wa Ludewa, yaani Lupingu na Manda, viko katika mikoa ya Mbeya na Njombe, ndani ya Nyanda za Juu Kusini Magharibi. Liuli na Mbamba Bay ziko Ruvuma, ambayo hutabiriwa peke yake kama kanda ya Kusini. Anayetoka Itungi kwenda Mbamba Bay asome kanda zote mbili.

Upepo wenyewe unatoka wapi? Miezi hii mgandamizo mkubwa wa hewa hukaa kusini mwa Afrika. Ukiimarika, husukuma hewa baridi kupitia Mlango wa Msumbiji, ikapanda bara hadi ziwani. Wenzetu wa Malawi upepo huo wanauita mwera. Ukianza hauishi kwa saa chache. Huvuma siku mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo, baridi na upepo vikivamia Maputo na Beira, huku kwetu ni wakati wa kujiandaa, si wa kusubiri uone.

Ziwa nalo limelala kaskazini kwa kusini, urefu wake ukipita kilomita 550. Upepo wa kusini hupata njia ndefu ya maji isiyo na kizuizi, na kadiri njia inavyokuwa ndefu ndivyo wimbi linavyokua. Ncha ya njia hiyo ni sisi: Itungi, Kiwira, Matema. Ndiyo maana pwani ya Matema inaweza kupigwa na mawimbi makubwa asubuhi ambayo hata jani la mgomba halitikisiki. Mawimbi hayo yametangulia, upepo uko nyuma yake. Ukiyaona yanaingia kwa mpangilio, marefu, yaliyopishana kwa nafasi, na hewa imetulia, usiseme ziwa limechafuka kidogo tu. Ahirisha.

Sasa saa. Asubuhi, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3 hivi, ndiyo nafasi tulivu zaidi. Kuanzia saa 4 jua linapasha nchi kavu, upepo wa ziwani unaanza kuingia Kyela, na kwa kuwa kwetu ziwa liko kusini, upepo huo unaungana na mwera, vyote vikisukuma upande mmoja. Saa 8 hadi saa 11 jioni ndipo penye ukali. Usiku hewa baridi huteremka kutoka Milima ya Livingstone na Rungwe kuelekea majini. Hapo wavuvi wa usipa wanaotoka na taa hudanganyika: usoni wanasikia upepo wa mlimani, mwepesi, lakini chini mawimbi ya kusini bado yanakuja. Upepo unapokwenda kinyume na mawimbi, wimbi linakuwa fupi lenye mgongo mkali, na hilo ndilo linalomwaga maji ndani ya mtumbwi kuliko wimbi refu.

Wanaotumia programu za simu wana mitego mitatu. Wa kwanza ni vipimo: ukiona "kt" (noti) zidisha kwa 1.85 upate kilomita kwa saa, ukiona "m/s" (mita kwa sekunde) zidisha kwa 3.6. Wa pili ni saa. Kama programu inaonyesha UTC, yaani saa ya kimataifa, saa 12:00 yake ni saa 9 alasiri kwetu. Utabiri wa Malawi au Msumbiji, ongeza saa moja. Wa tatu ndio mbaya zaidi. Programu nyingi hugawa nchi katika miraba mikubwa, kila mraba ukipewa mwinuko mmoja. Matema imebanwa kati ya ziwa na milima inayopita mita 2,000, zote ndani ya kilomita chache, kwa hiyo mraba unaweza kuchukua mlima ukaacha maji. Namna ya kuugundua ni kuangalia joto. Joto hupungua karibu nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Programu ikisema mchana wa Matema mwishoni mwa Agosti utafika nyuzi 18 tu, imesoma mlima, na upepo wake usiutumie ziwani. Sogeza alama ya mahali hadi katikati ya maji, kilomita 10 kusini mwa ufuko, usome upya.

Macho nayo ni kipimo. Povu jeupe likianza kuonekana hapa na pale juu ya mawimbi, upepo umefika kama kilomita 20 kwa saa. Ziwa likijaa povu na matone yakirushwa na upepo, unakaribia 40. Mtumbwi wa gogo mwisho wake ni kabla ya hatua ya kwanza kati ya hizo.

Mitumbwi inayobeba vyungu kutoka Ikombe kwenda soko la Jumamosi la Lyulilo inastahili neno lake. Vyungu ni vyepesi kwa ukubwa wake, kwa hiyo vinapangwa juu kupita ukingo, na rundo lile linakuwa tanga bila mwenye mtumbwi kutaka. Pakia vikubwa chini, midomo ikitazama chini, katikati tia majani makavu, na rundo lisipande zaidi ya kiganja kimoja juu ya ukingo. Ondoka alfajiri. Ukichelewa soko, vyungu haviozi.

Kwa mwenye injini, hesabu ya mafuta ni mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja la akiba, kwa sababu kurudi dhidi ya mawimbi hula mafuta kuliko kwenda. Chuja petroli kwa kitambaa safi wakati wa kujaza. Injini nyingi zinazozimika kwenye dhoruba hazijaharibika. Mtikisiko umeamsha uchafu na maji yaliyotulia chini ya tangi yakaziba chujio. Beba plagi ya akiba na spana yake, dumu lililokatwa la kukumbia maji, na jaketi okozi ambalo limevaliwa, si lililokaliwa.

Nanga kwenye mwambao wa Livingstone usiitegemee. Kutoka Lyulilo kuelekea kusini mlima unaingia majini moja kwa moja, na hatua chache kutoka ufukweni kina kinazidi kamba yako. Badala yake beba gunia imara au ndoo yenye mshipi mzuri. Injini ikizimika, funga gunia au ndoo hiyo kwenye kamba ya mita 20 hadi 30 na uitupe kutoka omo, yaani mbele ya chombo. Ikijaa maji itavuta omo ibaki imeelekea mawimbi. Mtumbwi uliotoa ubavu haudumu.

Mwera ukikoma, ngoja. Upepo unaweza kutulia jioni na mawimbi yakaendelea hadi kesho yake asubuhi.

Huku juu nchi kavu mambo ni mafupi. Hewa iliyobeba unyevu wa ziwa hupanda Rungwe na kuleta ukungu na manyunyu Tukuyu, wakati Mbeya ng'ambo ya Uporoto inabaki kavu na vumbi. Dereva wa Kyela asidanganywe na anga ya Uyole. Kati ya Chimala na Igawa, tambarare ya Usangu haina kinga, kwa hiyo turubai la mzigo lifungwe pande zote nne, na bodaboda ipunguze mwendo inapopishana na lori. Mabati huanza kung'oka kwenye ukingo wa paa: pigilia misumari kila mgongo wa bati kwenye papi ya kwanza na ya mwisho, hata kama katikati umeruka. Mche wa parachichi uliobebeshwa, chomeka mti upande wa kusini mashariki na uufunge kwa kitambaa laini kwa mkunjo wenye umbo la 8, ulegee kidogo. Na shamba lisichomwe siku yenye angalizo la upepo, hata asubuhi ikiwa tulivu, maana moto wa saa 2 unakutana na upepo wa saa 5 ukiwa bado una makaa.

Wa Makete, Njombe na Kitulo wasifurahi haraka upepo ukikatika. Upepo wa usiku huchanganya hewa na kuzuia sakitu, yaani umande ulioganda. Usiku wa kwanza ambao utabiri unasema upepo dhaifu na anga bila mawingu ndio unaounguza viazi bondeni. Mwagilia udongo mchana wake ili ushike joto, funika miche kwa nyasi kabla ya saa 12 jioni, na usiifunue hadi jua lifike kwenye majani.