Sista, Nimezabwa Kibao Zamuni, Naambiwa Nivumilie

*Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu ni muuguzi mstaafu wa chumba cha dharura.*

SWALI: Shikamoo Sista. Mimi ni muuguzi wa kitengo cha dharura katika hospitali moja ya mkoa, Kanda ya Ziwa. Wiki iliyopita, zamu ya usiku, waliletwa vijana wawili wa ajali ya bodaboda. Nyuma yao wakaingia madereva wenzao kundi zima, wengine na helmeti mkononi. Tulikuwa wauguzi wawili na daktari mmoja wa mafunzo kwa vitendo; mlinzi alikuwa getini. Wenzangu walimshughulikia yule aliyekuwa anapumua kwa shida, mimi nikawa namfunga mwingine mguu. Kaka yake akaanza kupiga kelele kwamba tunamchelewesha kwa sababu hajalipiwa. Nilipomwambia hakuna aliyeulizwa pesa, akanizaba kibao cha sikio, nikaangukia stendi ya dripu. Mpaka leo sikio linavuma. Asubuhi nilimweleza inchaji, muuguzi msimamizi wa kitengo, akasema, "Pole, dharura ndivyo ilivyo, vumilia." Juzi wazee wa familia ile wamekuja kuomba yaishe. Mume wangu anataka niende polisi, matroni anasema nitaipaka hospitali matope. Nifanyeje?
*Nesi wa zamu ya usiku*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla ya polisi na kabla ya wazee, tuanze na sikio. Kibao kikitua juu ya sikio husukuma hewa ndani kwa nguvu, na kinaweza kupasua ngoma. Mvumo usioisha baada ya siku kadhaa ni wa kuangaliwa na daktari wa masikio. Mpaka akuone, usitie matone, usichokonoe na pamba, na ukioga zuia maji yasiingie. Sisi wauguzi tunajua kuwahimiza wengine wawahi hospitali. Nawe wahi, nenda leo.

Sasa hilo la "dharura ndivyo ilivyo". Nimeingia chumba cha dharura nikiwa binti na nimetoka na mvi, na maneno hayo nayakataa kwa moyo wangu wote. Kazi yetu ni damu, ni matapishi, ni kukesha, ni kumpa mama habari ya mwanawe aliyefariki. Kupigwa hakumo. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hufanyiwa ukatili wa kimwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi. Mimi naamini vibao vingi havimo katika hesabu yoyote, kwa kuwa waliopigwa waliambiwa pole, wakarudi kuweka dripu.

Kwa hiyo andika. Tarehe, saa, nani walikuwa zamu, mlinzi alikuwa wapi, yule mtu alisema nini, alikupiga wapi, uliangukia nini, nani aliona. Iwe kwenye kitabu cha ripoti cha kitengo, halafu andika barua kwa mganga mfawidhi kupitia kwa inchaji, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Na usiandike "ndugu walileta fujo". Andika kwamba mtu mzima alimpiga muuguzi aliyekuwa anamhudumia mdogo wake.

Halafu kuna PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Fomu hiyo umeiona mikononi mwa wagonjwa kila zamu. Safari hii ni yako. Ichukue kituo cha polisi, ijazwe na daktari atakayekupima. Kumpiga mtu ukamuumiza ni shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 5. Kuwa na PF3 hakukulazimishi kufika mahakamani. Lakini sikio likija kuharibika zaidi baada ya miezi, bila karatasi hiyo utapata tabu kuonyesha tatizo lilianzia wapi.

Tena uliumia ukiwa kazini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, unawahusu watumishi wa umma na wa sekta binafsi Tanzania Bara. Waambie ofisi ya utumishi watoe taarifa ya ajali yako. Wakisitasita, mwone kiongozi wa tawi la TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, hapo kwenu, au wa TANNA, chama cha wauguzi. Hiyo ndiyo kazi uliyowachagulia.

Matroni mwambie hivi, kwa adabu: mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini. Pendekezo lililoambatana nao linataja maeneo yenye hatari zaidi, na humo zimo sekta ya afya, huduma za dharura na kazi za usiku. Wewe umo kwenye yote matatu. Kinachoichafua hospitali ni muuguzi kupigwa usiku wa manane huku mlinzi yuko getini, wala si barua yako.

Wazee wapokee kwa heshima yao. Kusamehe ni kwako peke yako. Si matroni wala mume wa kukuamulia. Ila ripoti iwe imeshaingia kwenye faili kwanza, na kijana mwenyewe aje akutazame usoni, asijifiche nyuma ya wazee. Mkikubaliana juu ya gharama za matibabu, yaandikwe mbele ya mashahidi.

Nimalizie na kitengo chenu, kwa sababu kesho kuna zamu nyingine. Yule kaka aliamini suala ni pesa. Alikosea, na hana udhuru wa kukupiga, lakini imani hiyo haikutoka hewani: watu wengi wamewahi kuambiwa nenda dirishani kalipie kwanza ndipo urudi. Kwetu tulikuwa na utaratibu niliousimamia kwa ukali. Kila zamu inataja mtu mmoja wa kuongea na ndugu, anatoka nje mara kwa mara hata kama hana jipya: "Bado tunamhudumia, damu imesimama, nitarudi tena." Kama wauguzi hamtoshi, awe mhudumu wa afya au afisa ustawi wa jamii. Ndugu aliyekaa muda mrefu bila kuambiwa neno hujijibu mwenyewe, na hujijibu vibaya. Dai pia mlinzi akae mlango wa dharura usiku, na ndugu aingie mmoja kwa kila mgonjwa. Wewe binafsi, mtu akipandisha sauti, vua stetoskopu na kamba ya kitambulisho shingoni, simama upande wa mlango, usikubali kubanwa kwenye kona.

Na mgonjwa anayerusha ngumi usimchanganye na ndugu mwenye hasira. Huyo mpime sukari haraka, angalia oksijeni, fikiria jeraha la kichwa au malaria iliyopanda kichwani. Anahitaji tiba. Ila tukio lake nalo liandikwe.

SWALI: Mama yangu alikaa kwenye benchi la dharura saa mbili nzima, tumbo linamsokota. Waliokuja nyuma yetu wakaingizwa. Tukiuliza tunaitwa wakorofi. Huo si upendeleo?
*Msomaji, Tabora*

JIBU: Mwanangu, kuuliza si ukorofi. Dharura haifuati foleni ya kufika. Tangu Muhimbili ilipofungua idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010, utaratibu wa kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali umezidi kuenea nchini. Mpangilio mmoja unaotumika katika hospitali nyingi za Afrika, uliotungwa Afrika Kusini, ni wa rangi: nyekundu huhudumiwa papo hapo, rangi ya chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa moja, kijani ndani ya saa 4. Aliyeingia mbele ya mama yako huenda alikuwa mwekundu, japo kwa macho alionekana ametulia. Mwenye hali mbaya kabisa mara nyingi hana nguvu ya kulia.

Kwa hiyo mkifika ulizeni: mgonjwa wetu amewekwa rangi gani, na hali ikibadilika tumwite nani? Akianza kutoka jasho la baridi, kuhema haraka, kuweweseka au kutapika damu, msingoje. Rudini mezani mseme. Kama alikuwa njano na saa mbili zikapita, mna haki ya kumwona inchaji wa zamu na kupeleka malalamiko kwa maandishi. Tajeni saa mliyofika na rangi mliyopewa. Na kama tumbo bado linamsumbua, mpeleke tena kesho asubuhi.