Re: Kutoka kuandaa mashindano hadi utawala wa elimu

Ndugu yangu, umeuliza kama miaka yako ya kuandaa riadha na mabonanza inaweza kukuingiza kwenye utawala wa elimu bila cheti cha ualimu. Inawezekana, ila chagua mlango. Ukuu wa shule na uafisa elimu huanzia darasani, usihangaike nao. Lenga ofisi za vyuo na shule binafsi: udahili, mabweni, usafiri, huduma kwa wanafunzi.

Anza na UMITASHUMTA na UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari Tanzania. Pale, watu wa TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa), maafisa elimu na walimu hukaa meza moja na watu wa michezo, na watoto wengi wanahitaji malazi, chakula, daktari na ulinzi. Kazi hiyo unaijua tayari! Jitolee kwenye kamati ya wilaya yako wakuone ukifanya.

Kwenye CV usiandike tu "niliandaa bonanza". Taja bajeti uliyosimamia, wazabuni uliowalipa, ripoti ya mapato na matumizi uliyokabidhi. Hiyo ndiyo kazi ya utawala.

Kuhusu masomo, ADEM, wakala wa serikali wa mafunzo ya uongozi wa elimu ulioko Bagamoyo, wanafundisha uongozi na utawala wa elimu. Uliza sifa za kujiunga kabla hujalipa ada, maana wanaowalenga hasa ni walimu.