Mwaka 1698: nani alikuwa ngomeni, nani alikuwa nje?

Wiki iliyopita niligusia kwa mistari miwili kuanguka kwa Ngome ya Yesu, Mombasa, kutoka kwa Wareno kwenda kwa Waomani, tarehe 13 Desemba 1698. Sikutegemea kwamba mistari miwili ingeleta maswali mengi namna hii. Nimechagua machache, na yaliyofanana nimeyaunganisha; mengine yametoka nje ya ngome, yanauliza mambo ya kwingineko duniani mwaka huo huo.

Mwalimu, shikamoo. Shuleni tulifundishwa kwamba Waarabu waliwashinda Wareno. Sasa sisi Waswahili tulikuwa wapi? (Msomaji, Kisauni)

Marahaba. Tulikuwa nje ya ngome tukiizingira, na tulikuwa ndani tukiilinda. Vitabu vya shule huisimulia habari hii kama ugomvi wa wageni wawili, mwenyeji akikaa barazani kutazama nani ataanguka. Haikuwa hivyo.

Anza na walioko nje. Waomani walikuwa wamekwisha kumfukuza Mreno Muscat tangu 1650, na pwani yetu ilisikia. Watu wa Mombasa wakapeleka ujumbe kuomba msaada, na Imamu Seif bin Sultan, mtawala wa Oman, akatuma majeshi. Husuru, yaani kuizingira ngome, ikaanza Machi 1696. Waliopigana nje ya kuta hawakuwa Waomani peke yao. Pate nayo, yenye deni la zamani na Mreno, ilisimama upande wa Oman.

Sasa ingia ndani. Wakati jeshi la Oman linatua, watu kama 2,500 walikimbilia ngomeni, na Wareno walikuwa kiasi kidogo tu kati yao. Wengi walikuwa watu wa pwani waliokuwa upande wa Mreno. Mwaka 1697 maradhi yakawafagia askari wa Kireno, na nahodha wao naye akafa. Aliyeshika uongozi ni Bwana Daud wa Faza. Hesabu inayotajwa ya waliobaki naye ni jamaa zake 17, wanaume 8 wa Kiafrika na wanawake 50. Basi! Kwa muda huo ngome iliyopewa jina la Yesu, ikipeperusha bendera ya Mreno, ilikuwa mikononi mwa Mwislamu wa kisiwa cha Pate, na wengi wa waliokuwa chini yake walikuwa wanawake. Walishikilia mpaka msaada ulipowafikia kwa bahari.

Kinachonishangaza mimi ni Faza kwenyewe. Mwaka 1587 Wareno walikwenda Faza kuiadhibu kwa kuwapokea Waturuki, wakamuua mtawala wake, wakachoma mji na kukata minazi. Miaka 110 baadaye mtu wa Faza anawalindia ngome. Mtu wa bara ataona ajabu, lakini ukitaka kuelewa, usiitazame Lisbon wala Muscat, itazame Pate. Faza na mji wa Pate viko kisiwa kimoja na havikuwa vikipikika chungu kimoja. Pate ikiwa na Mwomani, Faza itakwenda wapi?

Na Unguja? Nimesikia kulikuwa na malkia. (Msomaji, Ng'ambo)

Alikuwako, jina lake Fatuma, na yeye pia alikuwa upande wa Mreno. Wakati wa husuru alituma majahazi ya chakula Mombasa kuwasaidia waliozingirwa. Waomani wakayakamata, kisha wakaja Unguja kwenyewe. Malkia akachukuliwa hadi Muscat, akakaa uhamishoni miaka kama kumi kabla ya kurudishwa nyumbani. Inasemekana jumba lake lilisimama pale ambapo baadaye, mwaka 1883, ilijengwa Beit al-Ajaib. Ukipita Forodhani jioni kula urojo, upo uani kwake.

Wapo wanaomwita msaliti. Mimi siwezi. Hakuwa na televisheni ya kumwambia nani atashinda.

Miezi 33 ndani ya kuta! Walikula nini, na kwa nini Wareno wa Goa hawakuja kuwaokoa? (Wasomaji wawili, Tanga na Lamu)

Walikuja, tena zaidi ya mara moja. Nyinyi watu wa Tanga na Lamu mnajua jibu bila mimi: upepo. Jahazi la kutoka Goa, makao ya Wareno huko India, linakuja na kaskazi, linarudi na kusi. Kwa hiyo ngome ikituma barua ya kuomba msaada, haihesabu siku, inahesabu misimu. Chombo kikikosa msimu, waliomo ndani wasubiri mwaka.

Nje nako Waomani hawakuweza kuziba bahari sawasawa. Vyombo vilipenya usiku na mchele kidogo, baruti kidogo, watu kidogo. Krismasi ya 1696 kilifika kikosi cha msaada kutoka Goa, watu wakashangilia, na miezi michache baadaye askari wale wale walikuwa wanazikwa. Maji mabovu, chakula kibovu, joto, watu wamebanana. Mizinga iliua wachache kuliko maradhi.

Shambulio la mwisho lilikuja Desemba 1698, wakati ndani wamebaki watu wa kuhesabika kwa vidole. Kulipokucha tarehe 13, ngome ilikuwa ya Oman. Na sasa sikiliza hili: merikebu za msaada kutoka Goa zilitokea siku chache tu baadaye. Wakiwa bado baharini wakaona bendera nyekundu ya Oman juu ya ukuta. Wakageuza.

Mreno alirudi mara moja tu, Machi 1728, na kabla mwaka 1729 haujakwisha watu wa Mombasa walikuwa wamemtoa tena.

Kitabu changu kinasema mnara wa taa wa Eddystone huko Uingereza uliwashwa 14 Novemba 1698, kingine kinasema 24. Kipi kimekosea? (Msomaji, Morogoro)

Hakuna kilichokosea. Mwaka huo dunia haikuwa na tarehe moja. Wareno walifuata kalenda tuliyo nayo leo, ya Papa Gregori. Waingereza waliikataa kwa kuwa ni ya Papa, wakabaki na ile ya zamani ya Kirumi, iliyokuwa nyuma kwa siku 10. Juu ya hayo, kisheria mwaka wao mpya ulianza 25 Machi! Mrusi yeye alihesabu tangu kuumbwa kwa dunia, akaanza mwaka Septemba. Kwake Desemba ile ilikuwa ya mwaka 7207. Na kwa watu wa Mombasa na Muscat ulikuwa 1110 wa Hijria. Ukiandika kuhusu karne hiyo, taja unatumia kalenda gani, au utamzika mtu kabla hajafa.

Kwa kuwa umeutaja mnara: aliyeujenga, Henry Winstanley, alitekwa na Wafaransa akiwa kazini juu ya jabali, kwani nchi hizo mbili zilikuwa vitani. Mfalme Louis wa 14 akaamuru aachiwe arudi kujenga, maana taa ya baharini humwongoza kila baharia. Winstanley aliuamini mno mnara wake. Alikuwa ndani yake Novemba 1703 tufani kubwa ilipoung'oa, na hakuonekana tena.

Ni kweli mfalme wa Urusi alinyoa watu ndevu kwa nguvu mwaka huo? (Msomaji, Kigoma)

Kweli kabisa. Tsar Peter alikuwa ametembea Ulaya kwa jina la bandia kama mtu wa kawaida, ingawa mtu mwenye urefu wa karibu mita mbili hajifichi kirahisi. Mwanzoni mwa 1698 alikuwa Deptford, London, kujifunza kuunda merikebu, akapangishiwa nyumba ya mwandishi John Evelyn. Evelyn alikuwa na ua wa miti yenye miiba aliokuwa akiutunza kwa miaka. Peter na wenzake waliona toroli za bustani, na pengine hawakuwahi kuona kitu hicho. Wakapakiana, mmoja ndani, mwingine akisukuma, wakawa wanaushindilia ua ule mbio mbio hadi ukatoboka. Ndani wakavunja viti na kutoboa michoro ya ukutani. Serikali ikatuma watu kukadiria hasara, akiwemo Christopher Wren, msanifu wa Kanisa la St Paul's, na mwenye nyumba akalipwa.

Usicheke sana. Safarini alipata habari kwamba askari wa streltsi wameasi, akarudi Moscow kabla Agosti haijakwisha. Kesho yake wakubwa walipokuja kumpa pole ya safari alichukua mkasi, akaanza kukata ndevu zao kwa mkono wake. Kwa Mkristo wa Kirusi wa wakati ule, kukatwa ndevu kulikuwa kama kuvuliwa nguo. Na miezi iliyofuata zaidi ya streltsi 1,000 waliuawa.

Injini ya mvuke nayo ni ya 1698? (Mwanafunzi, Eldoret)

Hataza (hati ya haki ya mvumbuzi) ya Thomas Savery ilitolewa Julai 1698, ya "kupandisha maji kwa moto", kwa ajili ya migodi iliyojaa maji. Mwanangu, usifikirie treni. Haikuwa na pistoni. Unajaza mvuke chomboni, unamwagia chombo maji baridi kwa nje, mvuke unageuka maji, ndani kunabaki utupu, na utupu unavuta maji ya chini. Kisha mvuke mwingine unayasukuma juu zaidi. Ilivuta kwa kina kifupi na viungo vyake vilipasuka. Iliyofanya kazi ya maana migodini ni ya Thomas Newcomen, 1712.

Nakuja Mombasa na watoto Desemba. Niwaonyeshe nini cha miaka hiyo, ukiacha kuta? (Mama wa watoto watatu, Dodoma)

Karibu sana, mama. Kwanza waambie neno *gereza* limetokana na *igreja*, "kanisa" kwa Kireno; na ngome hii yenyewe Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Watoto hupenda hilo.

Kisha waingize chumba cha makumbusho chenye vitu vya *Santo António de Taná*. Ni merikebu ya kivita iliyoundwa India, ikatumwa kuwaokoa waliozingirwa, ikazama mbele ya ngome Oktoba 1697. Wapiga mbizi waliichunguza kati ya 1977 na 1980 wakapandisha vitu vilivyobaki chini. Baada ya hapo panda nao juu ya ukuta unaotazama maji, uwaonyeshe mlangobahari. Mbao za merikebu yenyewe hazikutolewa. Zilifunikwa upya mchangani, na ziko pale pale chini ya maji, ambapo mashua za wavuvi hupita juu yake kila alfajiri.