Gauni kuukuu au gauni la zamani?

SWALI: Nauza nguo soko la Toi, hapa Nairobi. Nikifungua beli huwa ninatenga magauni ya miaka ya 1950 hadi 1970, kwa sababu vijana wa vyuo wanayatafuta sana. Kwenye kibao nimeandika "Magauni kuukuu yanauzwa". Mama mmoja wa Mombasa aliposoma akaniambia ninajiharibia biashara. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, mama huyo alikutakia mema. Kuukuu haitaji umri, inataja uchakavu. Nguo kuukuu ni ile iliyovaliwa ikafuliwa hadi ikapauka na kulegea, ikabaki hatua moja iwe tambara la kupangusia. Shati la mwaka jana huwa kuukuu likivaliwa shambani kila siku, ilhali gauni lililoshonwa 1958 likalala sandukuni si kuukuu hata kidogo. (Isitoshe, neno hilo hupatanishwa: kiatu kikuukuu, magauni makuukuu.)

Kale nayo inakwenda mbali mno. Tunasema Misri ya kale. Gauni alilovaa nyanya yako akiwa msichana halijafika huko.

Na mitumba? Katika misafara ya karne ya 19, mtumba ulikuwa robota, hasa la vitambaa kama merikani na kaniki, lililofungwa kwa kadiri ya nguvu za mpagazi. Vitambaa hivyo vilikuwa vipya! Neno lilieleza mzigo ulivyofungwa, wala halikuwa na dharau yoyote ndani yake. Hata leo katika soko la Gikomba, Nairobi, beli hufunguliwa likatoka shati ambalo lebo ya dukani bado inaning'inia. Ukisema mitumba umetaja njia ambayo nguo imepitia, basi.

Neno lako ni zamani, lakini hapa ndipo ninapokuomba uwe mwangalifu, kwa kuwa neno moja dogo linabadilisha bei. "Gauni la zamani" ni lile lenyewe, lililoshonwa wakati huo. "Gauni la mtindo wa zamani" laweza kuwa limeshonwa juzi. Chukua mshono ambao mbunifu wa mavazi Christian Dior aliuonyesha Paris mwaka 1947, kiuno kimebanwa na sketi imemwagika. Fundi wa mtaani kwenu anaweza kukushonea hivyo wiki hii, likapendeza sana, na litakuwa la mtindo wa zamani. Kuliita la zamani ni kumdanganya mteja. Wanunuzi wako wanaijua tofauti hiyo: wanageuza pindo, wanakagua zipu kama ni ya chuma, kwani za nailoni zilienea kuanzia miaka ya 1960. Kiswahili kinakupa maneno ya kuwajibu kwa ukweli, yatumie.

Mimi ningeandika: "Magauni halisi ya miaka ya 1950 hadi 1970 yanauzwa". Umefanya vyema kuandika yanauzwa. Wengi Nairobi wangeandika zinauzwa, na gauni liko katika ngeli ya li-ya.

Na ukiangukia kamera (zile bora za beli) ya suruali zilizobana mapajani zikapanuka chini, za miaka ya 1970, ziandikie kibao chao: bugaluu. Ndivyo vijana wa Dar es Salaam walivyoziita walipokuwa wakizivaa.