Maji yamechemka kwa nyuzi 94: kipimajoto ni kibovu?

SWALI: Nafundisha fizikia Kidato cha Pili hapa Mbeya mjini. Tulichemsha maji, makundi yakisoma kipimajoto kila baada ya dakika 2. Kundi la kwanza lilipata nyuzi 22, 38, 55, 70, 83, 93, halafu 94, 94, 94. Matatu mengine yalipata karibu hivyohivyo, ila moja limeandika 50 kwenye dakika ya 6. Kundi la tano limemalizia na 100 kamili. Kitabu kinasema 100. Nivitupe vipimajoto? Na maksi nimpe nani?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, usitupe kitu. Hiyo 94 ndiyo data nzuri kuliko zote ulizoleta.

Kitabu kinasema kweli, lakini kinazungumzia kanieneo ya hewa ya usawa wa bahari. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Kadiri unavyopanda, hewa inayoyakandamiza maji hupungua, nayo huchemka mapema: kwa makadirio, nyuzi 1 hushuka kwa kila mita 300. Waache wanafunzi wapige hesabu wenyewe. 1,700 gawanya kwa 300 ni karibu 6. 100 toa 6 ni 94. Ndiyo maana maharage ya huko juu hukawia kuiva kuliko ya Dar es Salaam.

Kama bado una shaka na kipimajoto, ponda barafu, ichanganye na maji kidogo, koroga, kisha tumbukiza kipimajoto humo kwa dakika chache. Kinapaswa kusoma 0 au karibu sana na hapo, kwa sababu mwinuko hauigusi sana nyuzi ya barafu kuyeyuka. Kikisoma 0 kwenye barafu na 94 kwenye maji yanayochemka, kosa si la kifaa.

Sasa chora grafu: muda kwenye mhimili mlalo, jotoridi kwenye mhimili wima. Wengi hukimbilia sehemu ya bapa mwishoni, na ni kweli ina mengi. Moto unaendelea kuwaka lakini jotoridi halipandi, kwa kuwa nishati yote inatumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Kilo moja ya maji inahitaji kilojuli 2,260 hivi kwa kazi hiyo, zaidi ya mara tano ya zile za kuitoa nyuzi 0 hadi 100. Lakini waulize pia kuhusu mpando wenyewe. Mwanzoni wanapata nyuzi 16 au 17 kwa dakika 2. Kuelekea mwisho ni 13, kisha 10. Moto ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba maji ya moto hupoteza joto hewani kwa kasi zaidi kuliko ya vuguvugu. Mwanafunzi atakayeliona hilo bila kuambiwa, mpongeze mbele ya darasa.

Ile 50 wasiifute. Maji yaliyo juu ya moto hayapoi ghafla kisha yakapanda tena, kwa hiyo yaelekea mtu alikinyanyua kipimajoto nje ya maji ili akisome vizuri. Ibaki kwenye jedwali, izungushiwe duara, waandike pembeni wanachodhani kilitokea, na mchirizi wa grafu usilazimishwe kupita hapo. Wasiiingize kwenye wastani pia, maana itauvuta chini.

Kundi la 100 ndilo linalonihuzunisha, na siwalaumu watoto. Wamejua mwalimu anasubiri jibu la kitabu, wakampa. Zungumza nao kwa upole, uombe daftari waliloandikia wakati jaribio likiendelea, ikiwezekana warudie mbele yako. Maksi zigawe hivi: nyingi kwa vipimo vilivyoandikwa kama vilivyosomwa pamoja na maelezo yake, chache kwa unadhifu wa grafu, na hakuna hata moja kwa kufanana na kitabu. Watangazie mgawanyo huo kabla ya jaribio lijalo, sio baada.