Mdogo wangu amebeti hela za kikoba cha mama, je, tuuze kiwanja cha baba?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Dar es Salaam na mume wangu na watoto wawili. Mama yetu ni mjane, yuko Morogoro, anauza mbogamboga sokoni. Kwa miaka mingi amekuwa mweka hazina wa kikoba chao, wanawake 30. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26, ndiye kitinda mimba, anaishi na mama na alikuwa anaendesha bodaboda ya mkataba.*

*Wiki iliyopita tumegundua kwamba hela za marejesho zilizokuwa kwenye laini ya mama hazipo. Shilingi 3,200,000. Mama hasomi vizuri, mdogo wangu ndiye aliyekuwa akimsomea meseji na kumsaidia kutuma, kwa hiyo namba ya siri anaijua. Zote amebeti. Alianza na mikeka ya mpira, akahamia kwenye kandege, ule mchezo wa kamari wa kwenye simu. Kikoba kinavunja wiki mbili zijazo na wenzake mama hawajui kitu.*

*Kumbe hata pikipiki mwenyewe ameshaichukua kwa sababu hesabu zilikuwa hazifiki, na rafiki aliyemdhamini ndiye anabanwa alipe. Isitoshe, alikopa kwenye programu za simu, na hao wakopeshaji wametuma meseji kwa kila mtu aliyemo kwenye simu yake, hadi kwa mama mkwe wangu na bosi wangu, kwamba mimi ni mdhamini wa tapeli.*

*Mama presha imepanda. Anataka tuseme ni matapeli wa mtandaoni waliompigia simu wakazikomba. Wajomba wanasema tuuze kiwanja alichoacha baba, tulipe kimyakimya, yaishe. Mimi nina akiba ya ada za wanangu za Januari, na mume wangu amesema nisiiguse. Mdogo wangu analia, anaapa hatarudia, anaomba tumtafutie mtaji aanze upya. Nimechanganyikiwa. Nifanye nini?*

*Dada Mtu, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na pole hiyo mfikishie na mama.

Nianze na hilo la matapeli wa mtandaoni, maana ndilo la haraka. Mzuie mama asiliseme. Kama ameshamwambia mtu mmoja, arudi kwa huyo huyo alifute leo. Kila hela inayotoka kwenye simu ina muamala wake, na taarifa ya miamala mwenye laini anaiomba kwa mtandao wake akapewa. Wanawake 30 waliopoteza hela zao hawatakosa mmoja wa kusema, "Twende na mama tukaitoe." Itatoka, na itaonyesha hela ilikwenda kwenye kampuni ya kubeti, leo elfu hamsini, kesho laki, usiku wa manane. Kufikia hapo mama hatakuwa tena mjane aliyeibiwa na mwanawe. Atakuwa mweka hazina aliyemficha mwizi. Leo hii bado ana jina lake, na ndilo jina lililowafanya wanawake wale wamkabidhi hela zao miaka yote hiyo. Mdogo wako amechukua hela. Jina la mama hajalichukua bado, ila uongo huo utalichukua.

Sasa nikwambie kuhusu hao wanawake, kwa sababu katika barua yako wamekuwa idadi tu. Siku ya kuvunja kikoba unaijua? Watu wanafika mapema kuliko siku zote, wamevaa vizuri. Sanduku linawekwa katikati, wenye funguo watatu wanaitwa mmoja mmoja, kila mmoja anafungua kufuli lake. Daftari linasomwa, fulani ana hisa kadhaa, faida yake kadhaa, deni lake kadhaa, chake ni hiki hapa. Anayeitwa anahesabu mbele ya wote. Na hela ile imeshapangiwa kazi tangu Agosti. Kuna aliyemwambia fundi aje Jumatatu kuezeka. Kuna mwenye mtoto anayeingia kidato cha kwanza, keshaulizia bei ya sare na godoro. Kuna mwingine anadaiwa kodi, amemsihi mwenye nyumba avumilie "mpaka tuvunje". Kila hisa ile ni kitafunwa ambacho mtu hakukila na nauli ambayo hakupanda daladala akatembea. Mdogo wako alipokuwa anabonyeza simu gizani hakuwaona hao. Wewe inabidi uwaone, kwa sababu ndio wenye madai hapa, kabla yako, kabla ya mama, kabla ya wajomba.

Kwa hiyo kabla ya siku hiyo, wiki hii hii ikiwezekana, panda basi uende Morogoro. Mama, wewe na mdogo wako mwende kwa mwenyekiti na katibu wa kikoba. Mzungumzaji awe yeye mdogo wako. Usimsemee, na mama asimsemee. Aseme kwa mdomo wake kwamba alijua namba ya siri, alichukua kiasi fulani, zilikwenda kubeti, mama hakujua. Hapo atalia. Mwacheni alie, lakini amalize. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nanyi hamtapata hata shilingi moja ya unafuu kwa watu mnaowaficha.

Baadaye kikundi kizima kiambiwe. Wengine watatukana, na wana haki. Huenda wakataka kwenda polisi, na hiyo nayo ni haki yao. Usimpigie mtu magoti asishtaki. Kinachowezekana ni kwenda na jambo mkononi. Hisa za mama zikatwe kwanza, hivyo ndivyo daftari litakavyotaka na ndivyo mama mwenyewe atakavyotaka. Wajomba waliokuwa wepesi kutaja kiwanja, waulize kila mmoja ana kiasi gani mfukoni mwake. Wewe keti na mumeo, mkubaliane kiasi ambacho hakigusi ada. Mumeo hajakosea. Watoto wako wakirudishwa nyumbani Januari kwa sababu ya mjomba wao, tutakuwa tumeongeza majeruhi wawili kwenye orodha ambayo ni ndefu tayari. Kitakachobaki kiandikwe kuwa deni la mdogo wako, kwa jina lake, kwa tarehe za kulipa, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mashahidi waweke sahihi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata naye ashirikishwe. Tangu ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikoba vinatambuliwa kisheria na kusajiliwa kwenye halmashauri, basi hili si jambo la kumalizana barazani tu.

Mama aachie uweka hazina. Najua litamuuma. Aachie mwenyewe kabla hajaambiwa. Na wenzake nao wana la kujiuliza, bila kulaumiana. Sanduku lina kufuli tatu na watu watatu, kwa nini hela zikahamia kwenye laini ya mtu mmoja yenye namba ya siri moja? Siku hizi zipo akaunti za vikundi, za benki na za simu, ambazo hela haitoki mpaka viongozi zaidi ya mmoja waidhinishe. Wakianza mzunguko mpya waanze nayo.

Kiwanja msiuze. Kiwanja cha marehemu hakiuzwi kwa kikao cha wajomba. Lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wote wahusishwe, mama akiwemo. Mkiuza kimyakimya kwa bei ya shida, miaka mitano mbele mtakuwa mahakamani ndugu kwa ndugu. Lakini hata kama karatasi zote zingekuwa sawa, bado ningekukataza. Mdogo wako angejifunza nini? Kwamba akianguka, kuna mahali pa kuangukia palipoachwa na baba. Na kiwanja ambacho mama angekitegemea uzeeni kingekuwa kimeliwa na kandege.

Tuje kwake yeye. Anaposema hatarudia, mimi naamini anamaanisha. Hata alipochukua laki ya kwanza alikusudia kuirudisha, nina hakika, kabla mama hajagundua. Ndivyo inavyokwenda. Katika kandege namba ya kuzidishia dau lako inapanda, unatakiwa utoe hela yako kabla kandege hakajaruka kikapotea, mchezo mmoja unaisha kwa sekunde chache na mwingine unaanza hapo hapo. Aliyepoteza hachezi tena ili ashinde, anacheza ili arudishe. Shirika la Afya Duniani linauhesabu uraibu wa kamari kuwa ugonjwa, umo kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Nakuambia hivyo ili ujue viapo havimtibu. Wala sikuambii umsamehe deni. Mgonjwa anatibiwa, na aliyeiba analipa, na mtu anaweza kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja.

Mtaji msimpe. Hata kidogo, hata wa kuuza maji. Kwa sasa hela isipite mkononi mwake. Atafute kazi ya kubeba mizigo sokoni, saidia fundi, chochote, na malipo yapokelewe na mtu mtakayemchagua, sehemu iende kwenye deni, sehemu imtunze. Hiyo simu janja aiache, atumie kitochi. Kabla ya hapo akae na wewe, mpitie akaunti zake za kubeti moja moja, awaandikie wenye kampuni wazifunge. Namba ya siri ya mama ibadilishwe, na wewe ndiye umsaidie, si yeye. Kisha mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, hapo hapo Morogoro, ulizia huduma za afya ya akili, eleza ukweli. Akikataa kwenda, basi kukaa kwa mama kuwe na masharti, na sharti la kwanza liwe hilo. Mama atalegea, ni kitinda mimba wake. Hapo ndipo udada wako utakapohitajika.

Watu watamwambia mama mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Waombe wamwache. Mwenye presha hapewi methali. Mpeleke akapimwe, na uhakikishe anakula dawa.

Hao wa meseji wasikutishe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Angalia kama hao wenu wamo. Kuchota majina kwenye simu ya mkopaji na kuwadhalilisha watu wasiokopa si njia halali ya kudai deni, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 pamoja na Tume inayopokea malalamiko. Meseji usizifute. Zipige picha, weka namba na tarehe, lalamika Benki Kuu na kwenye Tume. Kukopa amekopa, alipe alichokopa kwa anayedai kihalali. Wewe hukudhamini, usilipe kwa sababu ya aibu. Bosi mwambie kwa ufupi tu: "Ndugu yangu alikopa mtandaoni, namba yako ilichukuliwa kwenye simu yake, mimi si mdhamini, nimeshalalamika." Mama mkwe mfuate nyumbani, hilo si la simu.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililoninyima raha nilipokuwa nasoma barua yako. Yule rafiki aliyemdhamini umempa nusu ya sentensi. Wanakikundi mtawakalisha, wajomba mnakalishana, yeye nani amemwendea? Kijana wa kijiweni hana hati ya nyumba, hana mshahara. Anachoweza kumpa mwenzake ni kusema kwa mwenye pikipiki, "Huyu namfahamu, mpe." Neno hilo ndilo linalowatoa vijana wengi wasio na kitu wakapata chombo cha mkataba. Mdogo wako amelichoma la mwenzake. Kwenye kijiwe kile, kijana mwingine atakayeomba udhamini mwaka huu atajibiwa, "Umeona yaliyompata fulani?" Atakosa kazi mtu ambaye hata hajawahi kubeti.

Kwa hiyo ukifika Morogoro, ukishatoka kwa mwenyekiti wa kikoba, nendeni kwa huyo kijana. Mdogo wako akaombe radhi mbele ya wenzake wa kijiweni, kwa sababu aibu ya yule imekuwa ya hadharani. Mwende pia kwa mwenye pikipiki, mjue deni ni kiasi gani hasa, mwombe madai yahamie kwenu, kijana wa watu aachwe afanye kazi. Na kwenye ile karatasi ya malipo, jina lake liwemo pamoja na wanakikundi. Akiwa ameshalipa chochote mpaka sasa, hicho kirudishwe kwanza, kutoka kwenye fungu lako wewe na mumeo, kabla hujapanda basi la kurudi Dar.